Nati Nne za Mtakatifu Eufrasia

"Shika hapa, usiachie," Inspekta Baldassi alimwambia Koplo Fusaro, kisha akalala chali kwenye sakafu ya kikanisa cha pembeni na kuingiza kichwa chini ya machela.

Koplo alishika, huku amenuna. Machela ile ilikuwa ya mbao nene za mwaloni, yenye mipiko miwili mirefu ya kubebea, na jana alasiri ilikuwa imembeba Mtakatifu Eufrasia barabarani, kichwa na mabega ya fedha tupu, kilo thelathini na nane, kazi ya wafua fedha wa Sulmona wa miaka mia sita iliyopita. Leo mtakatifu alikuwa amelazwa juu ya meza ya sakristia, kafunikwa kitambaa, pua imebonyea. Aliyeangukiwa, Ercolano Sgattoni, mbebaji wa bega la kwanza, alikuwa hospitalini mjini na nyonga iliyovunjika.

"Afande, tunajisumbua bure," alisema Koplo. "Mtu wetu yuko ndani. Nunziante alitamka mbele ya baa nzima kwamba mwaka huu mtakatifu atashuka kwenye bega la Ercolano. Ameshuka. Saa sita gari la gereza la mkoa linafika, Nunziante anapanda, sisi tunakwenda kula."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Basi nina saa mbili na nusu. Shika vizuri, utaniangushia mbao usoni."

Pembeni alisimama Fundi Gervasio, mhunzi wa Castelvarro, mzee mfupi mwenye mikono mikubwa, kofia kaishika kifuani. Yeye ndiye aliyemfunga mtakatifu kwenye machela jana asubuhi. Chini ya sanamu kulikuwa na boliti nne zinazopenya ubao, na kila boliti ilikazwa kwa nati kutokea chini. Machela ikienda sawa, mtakatifu anakaa kwa uzito wake mwenyewe. Ikiinamishwa, ni nati zile tu zinazomzuia asitangulie mbele. Jana wabebaji waliinama chini ya roshani ya Rosalba Tavani, kama kila mwaka, na nati mbili za nyuma zikakwanyuka.

"Fundi, nani alizikaza hizi?"

"Nani mwingine? Mimi. Kabla yangu baba yangu." Gervasio hakuhitaji kuchokonolewa zaidi. "Wao wanabeba, wanapigiwa makofi, wanarushiwa maua ya waridi. Mimi nalala hapo ulipolala wewe, unga wa mbao unaniingia machoni, na tangu nizaliwe hakuna aliyenirushia hata jani la kabichi! Lakini mtakatifu akianguka tu, loo, mji mzima unakumbuka jina langu."

"Ulizikaza kiasi gani?"

"Salamu Maria moja kwa kila nati."

"Nimekuuliza kiasi, baba. Sikukuuliza ibada."

"Ndicho kiasi chenyewe! Unaanza kuzungusha na sala, unaacha kwenye Amina. Ukipunguza, inalegea. Ukizidisha, ubao unapasuka. Hapa kwetu hata mtoto anajua. Wewe umetoka wapi, Inspekta?"

"Mbali. Chukua spana, nionyeshe."

Gervasio alitoa boliti ya akiba mfukoni, akaipitisha kwenye tundu, akaishikiza nati kwa vidole mpaka ikauma, kisha akaanza. Alisali polepole, sauti ya mtu anayepima unga, na spana ilikwenda na maneno. Baldassi alihesabu. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, sala ikafika katikati. Wa tano, wa sita, wa saba. Amina ilipotoka mdomoni mwa mzee, mzunguko wa nane ulikuwa umekamilika na nati imekaa kwenye ubao kimya.

"Minane," alisema Baldassi.

"Minane. Wakati wa baba, minane."

Inspekta akarudi chini. Boliti mbili za mbele zilikuwa zimepinda na kukatika juu, lakini zilibaki kwenye ubao pamoja na nati zake. Kati ya nati na ubao kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Alichukua spana akaikaza ya kushoto mpaka ikauma mbao. Mizunguko minne. Akaikaza ya kulia. Minne. Kisha akaziomba zile boliti za nyuma zilizokwanyuka, akazisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kovu jipya lilionyesha mahali nati ilipokuwa imeshikilia. Alipima kwa ukucha, akapima tena. Palepale, nusu ya safari.

"Zote nne sawasawa," alisema.

"Mwovu mwangalifu," alisema Koplo.

"Mwovu gani huyo mwenye rula? Mtu anayetaka mtakatifu aanguke analegeza mbili za nyuma haraka haraka anakimbia zake. Hakai kuzipatanisha nne." Akanusa vidole vyake. "Fundi, grisi ulipaka wapi?"

"Juu tu, karibu na ubao, maji ya mvua yasiingie. Chini sipaki, inachafua nguo za wabebaji."

"Mbona ipo hadi nchani?"

Gervasio alichuchumaa akatazama. Alitazama muda mrefu kwa mtu mwenye magoti mabovu. "Zimevuliwa," alisema. "Mtu amezivua zote, grisi ikaburuzwa na nati. Halafu akazirudisha. Mtoto wa haramu! Amegusa nati zangu!"

"Amezirudisha," Baldassi alirudia, akisimama na kujikung'uta. "Sikia hilo, Koplo. Aliyezirudisha hakutaka kumwangusha mtakatifu. Alikuwa na shughuli nyingine, akaimaliza, akafunga. Na kwa akili yake, alidhani amefunga vizuri."

* * *

Nunziante Persichetti alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, bado amevaa joho jekundu la udugu wa wabebaji, limechanika begani. Alikuwa bonge la mtu wa miaka hamsini, mpasua mawe. Kwenye machela nafasi yake ilikuwa mbele kulia, bega la pili, kwa miaka kumi na tisa.

"Ulisema mtakatifu atashuka kwenye bega lake," alianza Baldassi.

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha ashuke kwake apande kwangu! Nani asiyejua? Bega la kwanza ndilo linalotoa ishara. Yeye akikohoa, tunasimama. Yeye akigonga mpiko, tunainama. Mimi nimebeba uzito uleule, mvua ileile, mlima uleule, na kwenye picha natokea sikio tu. Roho inaniuma, Inspekta, siwezi kukudanganya. Nikimwona anatembea kifua mbele mbele ya wanawake, natamani ardhi immeze."

"Na jana saa saba mchana ulionekana ukitoka kanisani unajipangusa magoti."

"Nilikwenda kusali."

"Ulisali nini?"

Nunziante aliinamisha kichwa. Mtu mzima yule akawa mwekundu hadi shingoni. "Nilimwomba mtakatifu amchoshe Ercolano. Amchoshe tu, ajiuzulu. Sikumwomba amvunje."

Koplo akacheka. Baldassi hakucheka.

"Fikiri basi, Inspekta," mpasua mawe aliendelea, sauti imepanda. "Nani yuko mbele pamoja naye? Mimi! Mtakatifu amepita shubiri moja tu kutoka kichwani kwangu. Ningelegeza nati nikasimama chini yake? Na chama cha udugu kimekaa kikao jana hiyohiyo. Nikipanda gari lile, jina langu linafutwa, na la mwanangu, na la atakayezaliwa na mwanangu. Hakuna Persichetti atakayegusa mpiko tena. Jela nitatoka. Hilo halina kutoka."

"Ulipokuwa unatoka, uliona nani?"

"Wale wawili, mlangoni. Rosalba na mke wa Ercolano. Rosalba na maua, Domitilla na rozari. Kila mmoja anangoja mwenzake apishe. Wale hawapiti mlango mmoja kwa hiari, hata kanisa liungue."

"Nani aliingia?"

"Sikukaa kutazama. Kule kwenye macho yao kulikuwa na moto, nikapita upande."

* * *

Rosalba Tavani alimpokea Inspekta kwenye roshani yake, mwanamke mrefu, mjane, nywele bado nyeusi na mwenyewe akijua. Chini yao, mawe ya barabara yalikuwa na alama nyeupe pale mtakatifu alipogonga. Alimmiminia divai, akajimiminia na yeye, akavuta kiti.

"Niliingia, nikaweka mikarafuu yangu mbele ya mtakatifu, nikatoka. Domitilla akabaki. Aliniambia maua yangu yananuka. Nikamjibu, pua yako imezoea vitunguu, utajuaje maua?"

"Domitilla amemwambia Koplo kwamba yeye ndiye aliyetoka, wewe ukabaki."

"Si mpya hilo. Hata mvua ikinyesha anasema ni mimi nimemwaga maji."

"Kwa nini Ercolano anainamisha machela hapa?"

"Baba yangu alikuwa bega la kwanza kabla yake. Ni heshima kwa nyumba ya marehemu." Alitabasamu, akaupangusa mdomo wa glasi kwa kidole. "Ndivyo anavyosema yeye. Wewe umeamini?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi sikuolewa naye. Aulizwe aliyeolewa naye." Halafu lile tabasamu likaondoka, na mwanamke akaongea kwa uchungu wa kweli. "Unajua, Inspekta, Domitilla anaye mumewe siku zote za mwaka. Anampikia, anamfulia, anamkoromea masikioni. Mimi nina dakika moja. Dakika moja kila Mei, mtakatifu ananiinamia, nami natupa ua. Na hiyo dakika moja bado ananionea kijicho! Ningekuwa mimi nina siku zile nyingine zote, dakika ningempa."

"Ulishawahi kushika spana ile inayowekwa nyuma ya altare?"

"Mikono hii?" Aliinyoosha, kucha zimekatwa vizuri, hazina hata doa. "Grisi haitoki kirahisi, nasikia."

Kweli haitoki. Baldassi alikuwa ameisugua yake kwa sabuni mara mbili na weusi ulikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole.

* * *

Saa tano kasoro robo alikuwa sakristia na Padre Celestino. Padre alikuwa amefungua kitambaa, anaigusagusa pua ya fedha iliyobonyea, machozi yanamlengalenga.

"Padre, sanamu ilipoanguka, ilimwaga kitu?"

Padre aliifunika pua kwa kitambaa. Kisha akavuta mtoto wa meza akatoa bahasha. "Tepe. Sikukwambia kwa sababu hazihusu serikali. Ndani ya mtakatifu kuna uwazi. Kila mbebaji, kabla sanamu haijafungwa, anaweka utepe wake, ameuandika jina la mtu anayembebea mwaka huo. Mama mgonjwa, mtoto aliye vitani, yeyote. Sherehe ikiisha nazichoma. Sisomi. Hasomi mtu."

"Zipo ngapi?"

"Niliziokota barabarani mwenyewe, nikapiga magoti nikatafuta hadi kwenye mfereji." Padre alizipanga mezani, zimekunjwa. "Nyekundu ya bega la pili. Kijani ya la tatu. Bluu ya la nne."

"Na bega la kwanza?"

"Nyeupe. Haipo. Nilidhani imepeperuka."

"Jana hakukuwa na upepo, Padre."

Baldassi alikaa kwenye kiti. Basi hiyo ndiyo shughuli yenyewe. Mtu alivua nati nne, akamwinua mtakatifu upande, akaingiza mkono akachukua utepe mmoja kati ya tepe nne, akafunga. Nunziante angeutakia nini? Yeye alitaka nafasi ya Ercolano, siri zake hakuwa na haja nazo. Jina lililo moyoni mwa Ercolano lilikuwa na wateja wawili tu Castelvarro nzima, na wote wawili walikuwa mlangoni saa saba mchana.

Kutoka kanisani, upande wa pili wa mlango, rozari ilikuwa imeanza. Wanawake walikuwa wanasali kwa ajili ya nyonga ya Ercolano. Sauti moja nzito, imara, ilitangulia: Salamu Maria. Ikaenda mpaka katikati ya sala ikanyamaza, na kundi zima likapokea kwa kishindo kutoka Maria Mtakatifu mpaka Amina. Sauti ile ikaanza tena. Ikaenda mpaka palepale, ikanyamaza palepale, kundi likapokea.

Inspekta alikuwa anazungusha kidole hewani. Padre alimtazama kwa wasiwasi.

"Anayeongoza ni nani?"

"Domitilla Sgattoni. Nani mwingine mwenye sauti ile?"

"Tangu lini?"

"Niliwakuta hivyo. Miaka ishirini, zaidi. Asubuhi, jioni, misibani. Hata akiwa anafua mtoni, wenzake wanamwitikia."

"Na akisali peke yake?"

Padre akafikiri. "Sidhani imewahi kutokea. Hawamwachi."

Baldassi alisimama. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mzunguko wa nne.

"Koplo," alisema, "nikuelekeze jambo moja, na ukilikosea nakuhamishia kulinda mbuzi. Tukifika kule kwenye machela, ukisikia sala yoyote, mdomo wako uwe umeshonwa."

* * *

Domitilla aliingia kwenye kikanisa cha pembeni akiwa na rozari bado mkononi, leso nyeusi kichwani, mwanamke wa mifupa mipana aliyezoea kubeba ndoo. Vidole vyake vilikuwa na weusi kwenye mikunjo. Alipoona Inspekta anavitazama, alivificha kwenye aproni.

"Nina mgonjwa, Inspekta. Yule muuaji mnampeleka saa ngapi?"

"Saa sita. Nisaidie kidogo kabla hajaenda." Baldassi alimpa spana. "Fundi kanipa boliti na nati nne. Nataka kujua kama mtu asiye mhunzi anaweza kuzikaza zikakazika. Zikaze unavyojua, na sala yake."

"Kwa nini mimi?"

"Watu wote wanasema hakuna anayesali vizuri kuliko wewe. Isipokuwa Rosalba, yeye alisema unakaza sauti tu."

"Rosalba!" Spana ilinyakuliwa. "Yule anajua sala gani? Sala yake ni kioo!"

Alipiga magoti chini ya machela. Akaanza, kwa hasira kwanza, halafu mazoea ya miaka yakamchukua na sauti ikatulia. Salamu Maria. Mkono ulizunguka na maneno. Mzunguko mmoja, miwili, mitatu, minne. Sala ilifika katikati, pale kundi hupokea. Akanyamaza. Mkono nao ukasimama.

Kikanisa kilikuwa kimya kabisa. Koplo Fusaro, ambaye mama yake alimlea kwa rozari, alikuwa ameuma midomo mpaka imekuwa myeupe.

Domitilla alingoja kwa muda wa kupokewa. Kisha, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa, akahamia nati ya pili. Salamu Maria. Minne. Kimya. Akahamia ya tatu.

"Inatosha, Bi Domitilla," alisema Baldassi. "Rudi kwenye ya kwanza. Itikise."

Aliitikisa. Ilicheza. Akaitazama, akaitazama ya pili, akaitikisa nayo. Spana ilimponyoka ikaanguka sakafuni kwa mlio.

"Nusu yako umeisema," Inspekta alisema taratibu. "Nusu ya pili jana hapakuwa na wa kukuitikia. Ulikuwa peke yako saa saba mchana, watu wanakula. Nati nne, nusu sala kila moja."

"Maria Mtakatifu," alisema Domitilla. Alisema kwa kushtuka tu, na Koplo, masikini, akashindwa kujizuia, akamalizia sala yote hadi Amina.

Mwanamke alikaa sakafuni palepale, miguu kanyoosha. Hakulia. Alipoongea aliongea na spana.

"Nilidhani nimekaza. Haki ya Mungu nilidhani nimekaza, nilisali zote nne. Alipoanguka nilisema ni Nunziante, na nikaamini. Unajua mtu anavyoamini kinachomfaa?" Akapangusa pua kwa kiganja. "Miaka ishirini na miwili, Inspekta. Kila Mei mume wangu anamwinamisha mtakatifu kwa yule mwanamke mbele ya watu wote, na mimi niko nyuma yao nimeshika mshumaa. Wanawake wananitazama mimi, hawamtazami mtakatifu. Wanataka kuona uso wangu utafanya nini. Nyumbani namuuliza, ananiambia, marehemu baba yake, marehemu baba yake. Marehemu gani huyo asiyechoka kuinamiwa? Wivu umenila, sikufichi. Umenila mpaka nikilala namsikia Rosalba anacheka. Nikasema mwaka huu nitaujua ukweli. Jina liko mle ndani. Nitamtoa mtakatifu, nitalitoa jina."

"Ukautoa utepe."

"Nikautoa."

"Uliandikwa jina la nani?"

Domitilla alimtazama kwa chuki, chuki ya mtu aliyeguswa penye kidonda kibichi. "Sijui kusoma. Haya, cheka. Rozari haitaki kusoma, inataka kichwa. Niliufungua, nikaona mistari imelala pale kama inzi, nikataka kupiga kelele. Nimpe nani anisomee? Padre? Jirani? Mji huu ungejua kabla sijafika mlangoni kwangu. Nilisema nitangoja Jumamosi, kule sokoni bondeni yuko mwandishi wa barua, hanijui."

Alifungua fundo la leso. Ulikuwa mle, mweupe, upana wa kidole, umekunjwa mara tatu. Aliushika, hakuutoa.

"Nisomee, kisha nitasema mtakalo."

Saa ya mnara ilikuwa inasogea. Kutoka barabara ya chini ulisikika mtambo wa gari linalopanda mlima kwa gia ndogo.

"Hapana," alisema Baldassi. "Sema kwanza. Koplo anaandika, Padre anashuhudia. Nunziante Persichetti anatoka. Halafu nakusomea."

"Na nikisema nisomee kwanza, la sivyo sisemi?"

"Basi atapanda gari mtu asiye na kosa, na wewe utaongoza rozari kesho asubuhi. Utaweza?"

Domitilla alifumba macho. Gari likasikika kwenye kona ya kanisa, likazima. Alipofumbua alisema yote, moja baada ya jingine, bila kusita: saa, spana nyuma ya altare, nati, uzito wa mtakatifu kwenye kifua chake, mkono uliotafuta gizani ndani ya fedha. Kalamu ya Koplo ilikimbia. Padre, aliyeitwa kutoka sakristia, alisimama kashika ukuta. Mwishoni Domitilla aliweka alama ya msalaba chini ya karatasi, kubwa, imenyooka.

"Kimbia," Baldassi alimwambia Koplo. "Kabla hawajamfunga pingu."

Koplo alikimbia. Padre naye alitoka, kwa adabu, akavuta mlango.

"Mashtaka yako hayatakuwa ya kukusudia," alisema Inspekta. "Lakini yatakuwepo."

"Yawepo. Soma."

Alimpa utepe. Baldassi alivaa miwani, akaukunjua. Maandishi yalikuwa ya mtu asiyeandika mara nyingi, herufi zimekandamizwa kwa penseli. Alisoma kimoyomoyo kwanza, na aliposoma akatamani angekuwa amempeleka kwa yule mwandishi wa sokoni.

"Domitilla anisamehe," alisoma.

Uso wa mwanamke ulifunguka kwanza, kwa jina lile, jina lake mwenyewe ndani ya mtakatifu. Kwa muda mfupi alionekana msichana. Kisha neno la pili likamfikia.

"Rudia."

"Domitilla anisamehe."

"Jina jingine hamna?"

"Lako tu."

"Na upande wa pili?"

Aliugeuza. "Mtupu."

"Anisamehe," alisema Domitilla polepole. "Kwa hiyo lipo la kusamehewa. Miaka ishirini na miwili ananiapia halipo, ananiita mwendawazimu mbele ya watoto, na kwa mtakatifu anakiri." Alisimama, akainamia spana akaiokota, akaiweka mahali pake juu ya mbao. Akafunga leso vizuri, fundo chini ya kidevu. "Basi la mjini linaondoka saa ngapi?"

"Saa saba. Lakini Bi Domitilla, mumeo kafungwa plasta kuanzia kiunoni, ana maumivu, madaktari wamekataza watu wasimsumbue. Ngoja angalau wiki."

"Kilichovunjika ni nyonga," alisema Domitilla, mkono ukiwa tayari kwenye mlango. "Mdomo ni mzima. Atanitajia."